Kiti Kikiwa Wazi: Namna ya Kuandika Mabadiliko ya Uongozi Katika Ulimwengu wa Kubuni

Miaka kadhaa iliyopita nilimpa rafiki yangu mswada wa riwaya yangu ya kwanza ya fantasia. Malkia alikuwa anauawa mwishoni mwa sura ya saba. Sura ya nane ilifunguka mpwa wake akiwa ameshatawazwa, tarumbeta zinalia, umati umepiga magoti. Niliipenda mno sura ile. Mswada uliporudi, pembeni ya ukurasa kulikuwa na swali moja kwa kalamu ya risasi: "Walinzi wa lango walijuaje kwamba huyu ndiye wa kufunguliwa?"

Nilikaa na swali hilo karibu mwezi mzima. Jibu lake likageuka riwaya nyingine kabisa, na sura ya tarumbeta nikaitupa yote. Tangu hapo, kila ninapoandika au kuhariri hadithi ambayo utawala unabadilika mikono, uwe ufalme wenye majoka au koloni la anga, naanzia langoni. Madaraka huhama pale mtu wa chini anapoamua kuitii amri ya mtu mpya. Kutawazwa huja baadaye, kusherehekea jambo ambalo wenye funguo walishaliamua usiku wa juzi.

Hatua ninazopitia ni hizi. Hulazimiki kuzifuata kwa mpangilio huu. Mimi mwenyewe mara nyingi huanza na ya nne.

1. Andika nani ana haki, nani ana uwezo, nani ana funguo

Chukua karatasi, uigawe sehemu tatu. Haki ni kile kinachosemwa na sheria, damu, miungu au kura. Uwezo ni jeshi, hazina, mitambo ya kuzalisha hewa. Funguo ni vitu vidogo vidogo: mhuri, nywila, orodha ya mishahara, mlango wa chumba alimolazwa mgonjwa. Utawala ukitulia, vyote vitatu hukaa mkononi mwa mtu mmoja na hakuna anayevifikiria. Hadithi yako inaanza vinapoachana.

Mfano ninaoupenda ni Roma ya mwaka 193. Machi, askari wa kikosi cha kumlinda kaisari walimuua kaisari mwenyewe, Pertinax, wakarudi kambini, wakakinadi kiti chake. Watu wawili wakapandishiana dau, mmoja akiwa ndani ya kambi, mwingine akipaza sauti kutoka nje ya ukuta. Didius Julianus ndiye aliyeshinda, kwa kuahidi sarafu za sesterti 25,000 kwa kila askari. Seneti ikamthibitisha, kwa hiyo haki akaipata. Ikulu ikawa yake, na funguo zake. Lakini uwezo wenyewe ulikuwa mipakani, kwa majenerali wenye majeshi makubwa, na hao hakuwa amewalipa kitu. Mmoja wao, Septimius Severus, akateremka na majeshi yake kutoka mto Danube. Julianus aliuawa baada ya siku 66.

Ukijaza karatasi yako ukakuta jina lilelile limekaa katika sehemu zote tatu, kabla na baada ya mabadiliko, rudi nyuma uvunje kitu.

2. Tunga kanuni ya kurithi pamoja na balaa lililoizaa

Wanaoanza wengi huweka kanuni kwamba mtoto wa kwanza ndiye mrithi, halafu wanamleta mdogo wake mwenye wivu. Haina kosa, ila imechoka. Kanuni za kurithi ni makovu. Kila moja iliwekwa na watu walioungua, wakaapa hawataungua tena mahali palepale.

Papa Clement IV alipofariki mjini Viterbo, Italia, mwaka 1268, makadinali walibishana karibu miaka mitatu bila kumpata mrithi. Wenyeji wakachoka. Waliwafungia ndani, wakawapunguzia chakula, wakaezua hadi paa la jumba walimokuwa wakikutania. Aliyechaguliwa hatimaye, Gregory X, alitunga kanuni mwaka 1274: makadinali wafungiwe, siku tatu zikipita bila jibu, chakula kiwe cha aina moja, zikipita tano nyingine, wabaki na mkate, maji na divai. Ukiisoma kanuni hiyo bila kulijua lile paa, utaona ni ukatili wa kipuuzi. Ukilijua, unacheka na kuelewa.

Tena kila dawa ina ugonjwa wake. Katika Dola ya Osmani ya Waturuki, sultani mpya aliwaua ndugu zake ili pasiwe na vita vya kugombea kiti. Mwaka 1595 Mehmed III alinyongesha ndugu zake 19 aliposhika madaraka. Baadaye desturi ikabadilika, wanawafalme wakawa wanafungiwa katika vyumba vya ikulu badala ya kuuawa. Damu ikapungua, lakini watawala wakaanza kutoka gizani. Suleiman II alitolewa humo mwaka 1687, baada ya zaidi ya miaka 30, na inasimuliwa kwamba waliokuja kumtawaza aliwadhania wauaji.

Na pale kanuni isipoeleweka kwa wote, hakimu hutoka nje. Said bin Sultan, mtawala wa Oman na Zanzibar, alifariki baharini mwaka 1856, mwanawe Thuwaini akiwa Muscat na Majid akiwa Zanzibar. Ugomvi wao ulikatwa mwaka 1861 na Mwingereza aliyekuwa mtawala wa India: dola igawanywe mara mbili, na Zanzibar iilipe Muscat riale 40,000 kila mwaka. Katika ulimwengu wako, jirani mwenye nguvu anayesubiri kuombwa usuluhishi ni nani? Mpe jina mapema.

Kwenye daftari lako, kila kanuni iwe na aya mbili: balaa lililoizaa na balaa itakalolizaa. Msomaji si lazima azione.

3. Ajabu ya ulimwengu wako inakifanya nini kiti?

Hapa ndipo bunilizi inapopata faida yake. Kama roboti zako, majoka yako au uchawi wako haugusi swali la nani anamfuata nani, umeandika historia ya kawaida ukaipaka rangi. Usipite haraka hapa.

Tuanze na umbali. Ishara ya redio kutoka Dunia hadi Mirihi huchukua kama dakika 3 sayari hizi zikikaribiana na kama 22 zikiwa mbali kabisa. Mpaka hapo uasi bado unaweza kuzimwa kwa simu, ingawa ni simu ya kuudhi. Lakini nyota iliyo karibu nasi zaidi baada ya Jua, Proxima Centauri, iko umbali wa zaidi ya miaka 4 ya mwanga. Koloni la huko litamtii rais aliyekwisha kupinduliwa kwa zaidi ya miaka minne kabla ya kupata habari, na salamu zao za pongezi zitamfikia mpinduzi ambaye huenda naye ameshapinduliwa. Jiulize gavana wa koloni hilo anaishi vipi. Nadhani atakuwa na droo ya amri ambazo ameamua kuzisoma kesho. Nadhani pia watu wake watakuwa na neno maalumu la mtawala ambaye bado anatajwa kwenye sala ingawa kila mtu anajua huenda ni maiti. Litunge neno hilo, litakusaidia kuliko ramani. Hata bila anga mambo haya yametokea: Uingereza na Marekani zilitia saini mkataba wa amani mjini Ghent tarehe 24 Desemba 1814, na majeshi yao yakapigana New Orleans tarehe 8 Januari 1815, kwa kuwa habari ilikuwa bado melini.

Kuna nakala ya akili. Tuseme kiongozi wako huhifadhiwa kila alfajiri, saa kumi na mbili. Anauawa saa saba mchana, na kufikia jioni nakala imeamshwa katika mwili mpya. Kila mtu anasema hakuna kilichobadilika. Lakini zile saa saba zimepotea. Saa tano asubuhi alitia saini mkataba. Saa sita alimwambia waziri mmoja, wakiwa wawili tu, kwamba anamwamini au kwamba atamfukuza. Nakala haikumbuki lolote, na waziri yuko huru kusema analotaka. Hapo huhitaji mapinduzi wala vita; una ofisi moja, watu wawili, na swali "tulikubaliana nini?" Mimi ningeandika riwaya nzima ndani ya zile saa saba.

Maisha marefu yana kero yake. Mtawala akiishi miaka mia tano, tamaa ya walio chini yake haina pa kutokea. Mrithi ana miaka mia mbili na bado anaitwa kijana. Watu wa namna hiyo watabuni ukomo wa muhula au watabuni ajali. Na utabiri? Mrithi akishatajwa na kigagula, aliyeko madarakani anaanza kupoteza watu siku hiyohiyo, na watunza hekalu wanakuwa ndio wateuzi. Ukiwa na upanga unaong'aa mkononi mwa mrithi halali peke yake, mtazame anayeutunza kabatini kabla ya kumtazama mrithi.

4. Andika ratiba ya saa zisizo na mwenyewe

Kati ya pumzi ya mwisho ya mtawala mmoja na amri ya kwanza ya mwingine kuna pengo. Pengine ni dakika kumi, pengine miaka. Ndani yake ndimo hadithi ilimo, na ndilo waandishi wengi wanaloliruka kwa nyota tatu katikati ya ukurasa.

Mwaka 210 kabla ya Kristo, Qin Shi Huang, mfalme mkuu wa kwanza wa China, alifia safarini. Simulizi iliyotufikia inasema waliojua walikuwa wachache, wakiwemo waziri mkuu Li Si na Zhao Gao, mtunza mhuri. Wakaficha. Maiti ikaendelea kusafiri katika gari lake, chakula kikaendelea kupelekwa, taarifa zikaendelea kusomwa mlangoni na majibu kutoka ndani. Lilikuwa joto la kiangazi. Harufu ilipoanza, wakaamuru samaki wa chumvi wapakiwe kwenye magari ya msafara ili watu wasitofautishe. Wakati huohuo walighushi barua kwa Fusu, mwana mkubwa wa mfalme, aliyekuwa mpakani kaskazini, ikimwamuru ajiue. Jenerali Meng Tian, aliyekuwa naye, alimsihi: omba amri irudiwe kwanza, ndipo ufe. Fusu akajibu kwamba baba akimwamuru mwanawe kufa, hakuna cha kuuliza tena. Akajiua. Mdogo wake Huhai akakalia kiti, na nasaba yote ikaanguka ndani ya miaka michache.

Angalia uzito ulipo. Uko kwenye samaki, na uko kwenye barua iliyopokelewa na watu wawili, mmoja akataka kuuliza na mwingine asitake. Jeshi lote la kaskazini lilikuwa linasubiri nyuma ya mlango huo.

Kazi yako: chora jedwali. Kushoto weka saa, kulia weka nani anajua nini. Katika hadithi ninayoiandika sasa, kamanda wa kituo cha anga chenye watu elfu nne anafariki saa tatu usiku. Daktari anajua saa tatu na dakika mbili. Msaidizi wake anajua saa tatu na robo, kwa sababu daktari hakukunywa kahawa yake. Naibu kamanda anaambiwa saa nne. Mpishi amekisia kabla ya naibu, maana sahani ilirudi haijaguswa na hakuna aliyeuliza kwa nini. Wananchi wanatangaziwa saa mbili asubuhi. Kila mstari kwenye jedwali hilo ni mtu mwenye nafasi ya kuuza habari, kuificha au kukimbia nayo. Ukikwama kwenye njama, usibuni msaliti mpya. Rudi kwenye jedwali uone nani alijua mapema kuliko alivyostahili.

Pengo linaweza pia kuwa halali kabisa. Abraham Lincoln alichaguliwa Novemba 1860 lakini akaapishwa tarehe 4 Machi 1861, na katikati hapo majimbo saba yalijitoa kwenye muungano, rais mteule akiwa bado hana mamlaka yoyote. Mwaka 1933 katiba ilirekebishwa na siku ya kuapishwa ikasogezwa hadi 20 Januari. Aliyeshinda ambaye bado hajashika, na anayeshika ambaye hajali tena: weka hao wawili kwenye chumba kimoja chenye mlipuko wa maradhi au meli ngeni angani, kisha kaa pembeni uandike.

5. Fuata amri moja mpaka chini

Hii ndiyo hatua ninayowalazimisha wenzangu kuifanya hata kama wameruka zote. Chagua amri ya kwanza ya mtawala mpya, iwe ndogo, uifuate mpaka kwenye mkono unaopaswa kuitekeleza. Andika mandhari pale.

Rasimu yangu ya kwanza ilisema hivi:

*Baada ya Kamanda Zuhe kufariki, Naibu Oreni alichukua uongozi wa kituo. Wapo waliopinga, lakini hatimaye utulivu ulirejea.*

Sentensi hiyo ya pili ni ya taarifa ya habari. Nani alipinga, kwa mkono upi? Nikaandika upya:

*Fundi wa hewa aliusoma ujumbe mara mbili. "Funga valvu za Sekta ya Saba. Oreni, Kaimu Kamanda." Kwa miaka tisa ujumbe wa saa hizi ulikuwa ukija na herufi moja tu mwishoni, Z, bila cheo. Alilitazama gurudumu la valvu. Rangi ilikuwa imebanduka pale viganja vyake vinapokaa. Sekta ya Saba ilikuwa na watu mia tatu na kumi, mmoja wao dada yake. Akaandika: "Ujumbe haujafika vizuri. Tuma tena." Kisha akazima taa ya mezani, akakaa gizani kusubiri.*

Fundi huyu hakuasi. Anaweza kujitetea mbele ya mahakama yoyote. Lakini ametoa ombi lilelile la Meng Tian, na Oreni akilipokea atajua papo hapo kwamba cheo chake bado hakijafika sakafu ya chini. Atafanya nini? Akirudia amri, ameonyesha kwamba inahitaji kurudiwa. Akituma askari, amekiri kwamba neno lake halitoshi. Akinyamaza, kesho mafundi wote watakuwa na matatizo ya mawasiliano.

Kuna namna nyingi za kutotii bila kuasi: kuchelewa, kuuliza tafsiri, kutii herufi na kuiacha maana, kuugua, kupoteza fomu. Zitumie kabla hujafyatua bunduki hata moja. Na usisahau wale wanaotii haraka kupita kiasi, wapambe waliobandua picha ya marehemu kabla hajapoa. Hao wanachekesha, na pia wanatisha, kwa kuwa ndio watakaombandua huyu mpya.

6. Badilisha maneno na vitu

Mtu wa kawaida hujua utawala umebadilika kwa njia za pembeni. Agosti 1991, wakazi wa Muungano wa Kisovieti walifungua televisheni wakakuta baleti, na wengi wakaelewa kwamba kuna jaribio la mapinduzi. Kaisari wa Roma, Caracalla, alipomuua ndugu yake Geta mwaka 211, jina la Geta lilifutwa kwenye mawe. Ubao wenye picha ya familia yao upo Berlin hadi leo, na mahali pa uso wa mtoto mmoja pamefutwa.

Kwako inaweza kuwa sarafu, wimbo wa asubuhi shuleni, sauti ya kompyuta ya lifti. Kimoja kinatosha, mradi kirudi mara tatu. Cheo nacho: mhusika akimwita mpya kwa jina lake la zamani kwa bahati mbaya, chumba kizima kitageuka.

7. Amua aliyeondoka yuko wapi

Akiwa amekufa, ni rahisi. Akiwa hai, afadhali zaidi. Kiswahili kina neno zuri, kung'atuka, lililoenea Nyerere alipoachia urais mwaka 1985, ingawa uenyekiti wa chama alibaki nao hadi 1990. Mstaafu mwenye nyumba iliyo karibu ana uzito hata akilala mchana kutwa. Watu wataendelea kupita kumsalimu, na mpya atahesabu magari. Diocletian aliachia ukaisari wa Roma mwaka 305. Alipoombwa kurudi, inasimuliwa aliwajibu kwamba wangeziona kabichi alizopanda kwa mikono yake wasingemwomba jambo kama hilo. Kukataa kama huko lazima kumwudhi mtu; mtafute ni nani.

Kuna pia anayekataa kukaa. Nicholas II, mfalme wa Urusi, alijiuzulu ndani ya behewa la treni, Machi 1917, akamwachia ndugu yake Mikhail. Siku iliyofuata Mikhail naye akakataa. Taji lililofanyiwa vita likikosa kichwa cha kulivaa, sura yako ya mwisho inaweza kuwa ndiyo ya kwanza.

8. Usifungie hadithi kwenye kutawazwa

Mpe mtawala mpya angalau asubuhi moja ya kazi. Madeni ya njiani yanafika: askari wanataka walichoahidiwa, kuhani anataka hekalu, rafiki wa utotoni anataka wizara asiyoiweza. Ukubwa jalala, na takataka za kwanza ni za watu waliokusaidia. Hapa huhitaji kurasa nyingi. Mimi huandika mkutano mmoja tu, mtawala akiwa amevaa nguo zisizomkaa sawa bado, na orodha ya majina mezani.

Mswada ukiisha, fanya jaribio hili. Toa sura nzima ya kutawazwa, mpe mtu asome, kisha umuulize nani anatawala na alijuaje. Akikutajia fundi, mpishi, mlinzi wa lango, iache nje sura hiyo. Akikuambia hakuelewa, usiirudishe bado. Nenda hatua ya tano, tafuta mkono mwingine.